Mwambieni Mwenye Pikipiki

Uso wa baba mkwe wangu niliuona mara moja tu maishani, na siku hiyo alikuwa amelala ndani ya jeneza. Kwetu Wandali, mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe. Hapiti mbele yake, hali naye, jina lake halitaji, na wakikutana njiani mwanamke ndiye anayeacha njia: anaingia pembeni, anachuchumaa, anageuzia uso vichakani mpaka mzee apite. Watu wa makabila mengine wakisikia hucheka, na mabinti zetu wa siku hizi, wanaompigia baba mkwe simu ya video na kumwonyesha meno ya mtoto, hucheka zaidi. Wacheke tu. Mimi mwiko huo ulinilia mwaka mmoja wa ujana wangu, mwaka mtamu kuliko yote niliyoishi, na kwa miaka yote hii nilidhani ni bahati mbaya. Juzi tulipokuwa Iyula kwenye msiba wa mzee ndipo nilipojua kwamba haikuwa bahati. Nimerudi Tunduma tangu hapo, nauza dukani kwangu kama kawaida, nawajibu wateja, natabasamu, lakini chakula hakipiti. Kwa hiyo naandika.

Mwaka ule nilikuwa mke mpya na tuliishi kwenye mji wa mzee huko Iyula, chumba kimoja cha matofali ya kuchoma kilichoangalia jiko, chenye dirisha dogo na mlango mpana. Mlango ulikuwa mpana kwa sababu pikipiki ililala humo humo ndani, kati ya kitanda na debe la mahindi, na mpaka leo nikisikia harufu ya petroli asubuhi nakumbuka shuka zangu za harusi. Njia yangu ya kutoka ilipita nyuma, kwenye migomba, maana ya mbele ilikuwa ya mzee. Yeye kabla hajatokeza mahali hukohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha makusudi, nami nikisikia natoweka. Nilimjua kwa kikohozi, kwa gambuti zake nyeusi zilizokatwa juu, kwa koti la kahawia alilovaa jua na mvua, na kwa namna alivyoburuta mguu wa kushoto. Ugali niliusonga mimi, maharage nikayaunga mimi kwa karanga, lakini aliyepeleka sahani ni wifi yangu Subi, na sahani ilirudi tupu ikiwa na maneno. Maana mzee alikuwa na maneno! Hakuruhusiwa kusema na mimi, basi alisema na kuku. Anakaa kibarazani, anawatupia punje, anapaza sauti nisikie jikoni: "Mwambieni mwenye pikipiki maharage ya leo yameiva." Au: "Mwambieni mwenye pikipiki apunguze moto akipita kwenye migomba, ananiangushia majani." Jina langu ni Tumpe, lakini kwenye mji ule nilikuwa Mwenye Pikipiki, na nikikumbuka vizuri, sauti yake alipolisema ilikuwa na kicheko ndani yake.

Pikipiki haikuwa yangu. Ilikuwa ya mume wangu, Ambakisye, nyekundu, ya Kichina, zile zilizoanza kujaa Mbozi miaka hiyo na kuwafanya vijana waache majembe. Alibebea kahawa kutoka mashambani kwenda kwenye ushirika, wakati mwingine wagonjwa kwenda Mbozi Mission. Kunifundisha alinifundisha mwenyewe, jioni, uwanja wa shule, akikimbia pembeni yangu ameshika kiti, anapiga kelele, "Klachi, mke wangu, klachi!" Siwezi kusema uongo kwamba sikumpenda. Nilimpenda sana. Kisha akaanguka kwenye utelezi, akavunjika mfupa wa bega, msimu wa kahawa ukiwa umepamba moto, na njaa haisubiri mfupa uunge. Nikapanda mimi. Wiki ya kwanza wakulima walikataa kunipa magunia yao. Wiki ya pili walikuwa wakinisubiri njiani, kwa sababu nilikuwa nawahi kufika kuliko wanaume, na sikusimama vilabuni. Nilikuta ndani yangu kitu ambacho sikujua nimezaliwa nacho. Barabara ikipinda, mimi nilijua imepinda kwenda wapi kabla macho hayajaona. Gia nilibadilisha kama mtu anayepumua.

Hapo ndipo klabu ya mbio za pikipiki iliponichukua. Tulijiita Vumbi, na hilo jina lilitutosha, maana ndilo tulilokula. Walikuwa bodaboda wa Mlowo na Vwawa, mwalimu mmoja, fundi wetu Asajile aliyeweza kufungua injini huku akitafuna muwa, na nahodha wetu Chanda, muuza vipuri wa Tunduma ambaye mama yake ni wa ng'ambo ya mpaka, Zambia, mtu mnene, mcheshi, aliyemwita kila mwanamke "mayo", yaani mama kwa lugha ya huko. Mashindano yalikuwa Jumamosi na Jumapili baada ya ibada, na yakiisha tulikaa Mlowo kwa kitimoto na ndizi za kuchoma, mikono ikinuka mafuta ya aina mbili. Nilitoka nyumbani na kitenge juu ya suruali, nikifika kwenye kalvati nakivua, nakifunga kiunoni, na nikirudi nakivaa tena hapo hapo. Mwanzoni wanaume walinipisha kwa utani. Baadaye walinipisha kwa sababu hawakuwa na la kufanya. Chanda aliniangalia siku moja nikishuka mteremko, akatikisa kichwa na kusema, "Awe, mayo, wewe hujazaliwa, umeunganishwa kiwandani." Nyumbani, Subi aliniambia mzee alikuwa akimwuliza matokeo kwa siri, eti kama mtu anayeuliza hali ya mvua: "Na yule jana amekuwa wa ngapi?"

Ikafika wikiendi yenyewe. Chanda alikuwa ameileta pikipiki ya mashindano kutoka ng'ambo, ndefu, ya njano, yenye tairi za meno, pikipiki ya kweli ambayo haijawahi kubeba gunia. Klabu ilikuwa na moja tu. Atakayeshinda mbio za Jumapili, kutoka Nanyala hadi uwanja wa shule Iyula, ndiye angepewa aiendeshe msimu mzima: Mbeya, Sumbawanga, hadi ng'ambo huko. Niliipanda ikiwa imesimama tu, miguu yangu ikagusa ardhi kwa ncha za vidole, na nilipoiwasha nilisikia mngurumo wake ukipanda mpaka kwenye meno. Sijawahi kutaka kitu vile. Nilipoolewa nilifurahi, nilipomzaa Neema nililia kwa furaha, lakini kutaka, kule kutaka kunakokausha mate, nilikujua siku ile juu ya kile kiti. Jumamosi kwenye mchujo niliwaacha wote. Hata yule kijana wa Mlowo aliyekuwa anatamba nilimwona mara ya mwisho kwenye kioo, kisha kioo kikawa vumbi tupu.

Jioni ile Ambakisye alikuwa mwema kupita siku zote. Bega lilikuwa linaunga, akapaka mnyororo mafuta kwa mkono mmoja, akapangusa kofia yangu ngumu kwa kanga yangu mwenyewe. Yeye klabu ilimpa kazi ya kupanga watu wa kona, kwa sababu ni mwenyeji. Kila kona mbaya ilihitaji mtu mzima wa kusimama na tawi bichi, azuie mbuzi na watoto wasiingie barabarani. Tulikula kande, sahani moja, taa ya chemli ikiwa imewekwa juu ya tangi la pikipiki. Akaniuliza, "Ukishinda, utakwenda kweli huko Sumbawanga?" Nikamwambia nitakwenda na kurudi. "Na Zambia?" Nikamwambia Zambia nayo ina njia ya kurudia. Akacheka kidogo, akanisogezea mahindi laini upande wangu wa sahani. Nami nikamwuliza lile ambalo mke yeyote wa Kindali angeuliza: "Baba kesho atakuwa wapi?" Alijibu bila kuinua kichwa. "Baba akitoka kanisani anapitiliza Mlowo kwa rafiki yake. Kesho barabara ni yako, mke wangu." Usingizi wangu ulikuwa mzito.

Barabara ilikuwa yangu kweli. Kutoka Nanyala nilianza vibaya, wa nne au wa tano, nikila mchanga wa wenzangu, lakini tulipoingia kwenye mashamba nikaanza kuwachuma mmoja mmoja. Yule wa Mlowo nilimpita kwenye daraja la magogo, nikasikia akinitukana. Mbele yangu hakukuwa na mtu tena. Kahawa imesimama pande zote mbili, kuta zangu za kijani, na watu wamekaa kwenye kingo wanashangilia, wanawake wanapiga vigelegele, "Huyoo! Huyoo mke wa Ambakisye!" Ilibaki kona moja, ile nyembamba kabla ya uwanja, nami nilishaanza kusikia spika za uwanjani. Nikainamia kona, nikatoka upande wa pili, na katikati ya barabara nikaona gambuti nyeusi zilizokatwa juu. Koti la kahawia. Tawi bichi mkononi, anafukuza mbuzi.

Watu huniuliza kwa nini sikumzunguka. Nafasi ilikuwepo. Wananiuliza kana kwamba nilikaa nikafikiri. Kichwa changu kilikuwa bado kinakimbia kwenda uwanjani, lakini mguu ulishakanyaga breki, mkono ulishaikata injini, pikipiki ikalala chini, na mimi nilikuwa nimechuchumaa kwenye mtaro, uso kwenye majani ya kahawa, kofia ngumu kichwani kama mjinga. Niliziona punje mbichi mbele ya pua yangu. Na nilimsikia mzee. Hakuwa na mtu wa kumtuma neno, wala kuku hawakuwepo, lakini mwiko ulimfunga na yeye pia, basi alinigeuzia mgongo akapiga kelele kuelekea mashamba: "Mwambieni apite! Jamani, mwambieni mwenye pikipiki apite!" Nikamsikia anajaribu kupanda ukingo aingie kwenye kahawa aniachie njia, mguu mbaya unateleza, matawi yanavunjika, anahema. Nilikuwa bado nimeinamisha kichwa yule wa Mlowo alipopita. Kisha wa pili. Kisha wa tatu, aliyepunguza moto kidogo kuniangalia kisha akaongeza.

Uwanjani walinicheka kwa siku nzima. Chanda peke yake hakucheka. Alikuja akaikagua pikipiki nyekundu, akaona iko nzima, akasema polepole, "Mayo, ile ya njano ilikuwa yako," akaondoka kwenda kumpa mkono mshindi. Ambakisye alinikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa analifanya. Alisema mtu aliyepangwa kona ile hakutokea, watu wakamwona baba anapita zake wakamwomba ashike tawi, nani angejua. Alininunulia soda, akanifuta vumbi usoni kwa kidole chake, na usiku nililia juu ya bega lake zima. Kesho yake Subi aliniletea kuku jike, mzima, amefungwa miguu. "Baba anasema huyu ni wa mwenye pikipiki, na asimgawie mtu." Nilidhani nimemkosea mzee kwa kukutana naye vile, kwamba kuku yule ni wa kuondoa mkosi. Sikumchinja. Alikaa kwenye mji ule ule wa mzee akataga na kuangua mpaka nikahama.

Mwaka ukamalizikia hapo, ingawa miezi ilibaki. Siku moja nikiwa barabara kuu nasubiri gari la kwenda Vwawa niliiona ile ya njano ikipita juu ya pikapu, imefungwa kamba, yule kijana wa Mlowo kakaa pembeni yake ameishika usukani kama mtu anayelinda ng'ombe. Bega la Ambakisye lilipona, akachukua pikipiki yake. Mimba ya Neema ikaingia. Nikahamia kiti cha nyuma, nimekaa upande upande na kitenge changu, na huko ndiko nilikokaa mpaka juzi.

Juzi, basi. Nilikuwa kwenye jiko la msiba, nyuma ya turubai, tunasonga ugali wa watu wote wale, na upande wa pili wa turubai walikaa wazee wa Vumbi waliokuja kuzika. Wamenenepa, wana vipara, mwalimu anatembelea fimbo. Nilifurahi kuwasikia. Wanaume wakiwa msibani hupunguza uzito kwa hadithi, na hadithi ikafika, kama nilivyojua itafika, kwenye siku mzee aliposimamisha pikipiki bila kunyoosha mkono. Wakacheka kwa kujizuia. Kisha Asajile, yule fundi, akasema, "Lakini Ambakisye naye! Kona ile si nilipangiwa mimi? Nimesimama na tawi langu, akaja akaniondoa. Nenda darajani, hapa nitamweka mzee." Mwingine akauliza kwa nini. "Kwa nini? Alijua vizuri Mndali hawezi kumpita mkwe wake. Hakutaka mke aende kuzurura Zambia." Wakacheka tena, na kicheko chao hakikuwa cha watu wanaosikia jambo kwa mara ya kwanza. Walijua. Wote walijua, miaka yote, kwenye harusi zetu na ubatizo wa watoto wangu, wakinyoosha sahani niwapakulie. Mwiko wangu ulishikwa na kusimamishwa barabarani kama tawi. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Mwanamke niliyekuwa nasonga naye akaniambia, "Mama Neema, ugali unaungua." Nikageuza mwiko sufuriani. Kulia ningelia, ni msibani, nani angeuliza. Lakini machozi hayakuja, ilikuja hasira, na hasira haina pa kuwekwa jikoni.

Wakati wa kuaga, akina mama walibishana kama mkwe wa kike aruhusiwe. Mchungaji akasema kifo kimeshaufungua mwiko, nipite. Nikapita. Uso wa mzee ulikuwa mdogo kuliko sauti yake, mweusi, una makunyanzi ya kucheka pembeni ya macho, na nilisimama pale mpaka watu wakanisukuma kwa adabu. Ndipo nilipomwelewa kuku. Hakuwa kuku wa mkosi. Mtu ambaye hakuruhusiwa kuniambia neno moja alikuwa ameniomba radhi kwa niaba ya mwanawe, kwa lugha pekee aliyokuwa nayo, nami sikumsikia.

Nilimngoja Ambakisye mpaka waombolezaji wakapungua. Alikuwa anavaa koti tuondoke, pikipiki yetu ya sasa iko chini ya mgomba. Nikamwuliza, "Kona ile, ulimweka wewe?" Hakuuliza kona gani. Alihangaika na zipu, akasema, "Tumezika leo, Mama Neema."

"Ulimweka wewe?"

"Ungeenda usingerudi."

"Na baba? Alijua?"

Hapo akaangalia chini. "Nilimwambia umejitoa. Alishika tawi akijua haupo. Jioni alinitukana kama mtoto, hatukusemezana mpaka Neema alipozaliwa." Kisha, kwa sauti ya mtu anayedhani ameshasamehewa kwa kuwa zamani ni zamani: "Si tumeishi vizuri lakini?"

Nilinyoosha mkono nikamwambia anipe ufunguo. Akanipa. Nilivuka mguu juu ya kiti na sketi yangu ya msibani, naye akapanda nyuma, mzito, akashika chuma. Miaka yote ile, na mikono haikusahau kitu. Nilitoka na gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, vumbi likapanda, magoti yangu yakakumbuka kubana tangi, na nilijiambia kona ile leo nitaipita kwa moto wote nilionyimwa. Mzee yuko chini ya udongo, nimemwona kwa macho yangu, udongo bado mbichi. Barabara ilikuwa tupu kabisa, hata mbuzi hakuna. Nikainamia kona, na kabla sijatoka upande wa pili mkono wangu ulirudisha mafuta wenyewe, mguu ukagusa breki wenyewe, na uso ukageukia kwenye kahawa. Tukapita hapo kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Nyuma yangu Ambakisye alinipigapiga begani. "Vizuri," akasema. "Hivyo hivyo, polepole."